Ngozi, stresi na grupu yetu ya Jumamosi: maswali tunayoulizwa kila mara

Haya maswali yanaingia kwa simu ya grupu karibu kila siku, mengi yanakuja kuanzia saa tano usiku, ile saa mtu amelala anajikuna na usingizi umekataa. Mimi si daktari. Niko na soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba, tangu 2011, nilikuja kwa grupu kama mgonjwa nikabaki kupanga viti na kujibu meseji. Mambo ya dawa yamepitiwa na dakta wa ngozi na kaunsela wetu, lakini maneno ni yangu.

Kwani grupu terapi ni nini? Ni chama?

Hapana, hakuna meri-go-raundi na hakuna mtu atakuitisha mchango. Ni watu nane hivi wenye shida ya ngozi, wanakaa kwa mduara dakika 90, mara moja kwa wiki, wiki 10, pamoja na kaunsela aliyesomea hiyo kazi. Mwanzo tunaongea wiki ilikuwaje, halafu tunafanya mazoezi: kupumua, kukaza misuli na kuilegeza, kuvunja ile tabia ya kujikuna, na kuangalia upya yale maneno unajiambia kila ukipita mbele ya kioo. Si ibada na si semina na hakuna sabuni inauzwa. Nataja sabuni kwa sababu kuna mtu alishawahi kuja na katoni nzima, tukamrudisha nayo mlangoni.

Niko na ukurutu tangu utotoni. Sasa mnaniambia iko kwa akili?

Hapana, na hili swali linakasirisha watu na wako na haki ya kukasirika. Ngozi yako inaugua kweli kweli. Ukurutu, soriasisi, mbalanga ile ya ngozi kupoteza rangi, alopesia ile ya nywele kutoka kwa viraka, hizi ziko na mizizi kwa ukoo na kwa kinga ya mwili, hakuna mtu amejiletea kwa kuwaza sana. Moto ulikuwa tayari, stresi ni mafuta ya taa.

Vile inafanyika ni hivi. Ulipokuwa tumboni mwa mama, ngozi na ubongo vilitoka kwa tabaka moja, lile la nje la kiinitete, na mpaka leo bado vinaongea. Sasa landlodi akipiga kufuli mlango wako tarehe sita, mwili unamwaga homoni za stresi, adrenalini na kotisoli, mishipa ya fahamu iliyo ndani ya ngozi inatoa kemikali zake, zile seli zinaitwa masti zinaachilia histamini na hapo mwasho unaanza, na wewe unafikiri ni sabuni. Tena ngozi yenyewe inakuwa nzito kujirekebisha. Kuna watafiti walibandika selotepu kwa ngozi ya wanafunzi wakaivuta mara kadhaa kutoa tabaka la juu, wakafanya hivyo wakati wa mitihani na pia baada ya likizo, wakapata kwamba wakati wa mitihani ngozi inachelewa kujiziba. Wale walikuwa tu na mitihani, hawakuwa na kodi na karo na mgonjwa ushago.

Halafu kuna mzunguko. Unawashwa, unajikuna, ngozi inapasuka, inawasha zaidi, hulali, asubuhi umechoka na kila kitu kinakuudhi, jioni unawashwa tena. Na kama ni soriasisi iko na ujanja mwingine, mahali ngozi imeumia baka jipya linaweza kuota hapo hapo, hata kama ni mkwaruzo wa mkanda wa begi. Daktari Mjerumani Heinrich Köbner alieleza hiyo karne ya 19 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hivyo kujikuna si tabia mbaya tu, kunapanda mbegu.

Ongeza Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Julai ni baridi na jua halionekani, wengi wetu ndio mwezi tunaumia zaidi. Hiyo si stresi, ni hali ya hewa, paka mafuta.

Mnapokea watu wa magonjwa gani?

Soriasisi, ukurutu, mbalanga, alopesia, chunusi sugu, urtikaria (ule upele wa kuvimba unatokea ghafla unapotea baada ya masaa), na pia wale wanaojichubua ngozi au kujing'oa nywele bila kutaka. Lakini kwanza uwe umeonwa na daktari. Upele wa wadudu unaambukiza na unatibiwa na dawa, si na kuongea. Mashilingi pia, yale mabaka ya duara ya fangasi. Tulishawahi kuwa na kijana amehesabu miezi sita ya "ukurutu wa stresi" kumbe ni mashilingi, na alikuwa anapaka krimu ya steroidi ambayo inafanya mashilingi yatulie kidogo kwa macho huku yanasambaa. Alipona kwa dawa ya fangasi. Hakurudi, na tulifurahi sana hakurudi.

Soriasisi inaambukiza?

Hapana. Hata ukurutu, mbalanga na alopesia haziambukizi. Huwezi kuzipata kwa kusalimiana, kwa kiti, kwa taulo, kwa kulala pamoja.

Najua jibu hili wewe unalijua tayari, shida ni kinyozi wako hajui. Mimi nilikaa kwa kiti Kawangware, kijana akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akasukuma mara moja tu juu ya sikio, zile flekisi nyeupe, magamba ya ngozi, zikaanguka kwa kitambaa cheusi. Akazima mashine. Hakusema kitu, aliingia nyuma akarudi amevaa makaratasi ya nailoni mikononi, zile za kufungia mboga, akamaliza hivyo hivyo watu wakiangalia kwa kioo. Nililipa, nikamwachia na chenji, sijui kwa nini. Miaka mitatu baada ya hapo nilijinyoa mwenyewe na wembe usiku, na wembe ndio uliniletea mabaka mengine.

Kwa nini grupu? Si afadhali kaunsela wangu peke yangu?

Wengine wanahitaji wa peke yao na tunawaambia hivyo. Lakini nikwambie kitu kimoja. Kaunsela alinisemesha miezi minne "hauko peke yako" na mimi nikiitikia "ni kweli" na siamini hata kidogo, kwa sababu yeye ngozi yake ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya.

Siku ya kwanza ya grupu tuliongea mambo ya juu juu, kila mtu mikono mirefu mpaka kwa vidole na ilikuwa Februari, jua kali. Tukamaliza. Tukasimama. Na sisi wote, bila mtu kusema, tukageuka nyuma kupangusa kiti na mkono, ile haraka haraka ya kutoa flekisi kabla mtu hajaona. Watu wanane wameinama juu ya viti vyeusi kwa wakati mmoja. Mama mmoja kutoka Githurai alikuwa na kitambaa chake kabisa cha kupangusia, anakibeba kwa kibeti. Tukaangaliana. Sijawahi kucheka hivyo, na huyo mama alicheka mpaka akakaa chini tena kwa flekisi zake.

Hiyo ndiyo kazi ya grupu, na mimi naona ndiyo kubwa kuliko mazoezi yote. Kinachomaliza watu si baka, ni kazi ya kuficha baka. Kuchagua shati ya mitumba kwa rangi ya flekisi badala ya rangi unayopenda, kukaa nyuma kanisani ili mchungaji akisema salimia jirani yako uwe umeshatoka, kukataa kuogelea na watoto, kusema uko na homa siku ya harusi. Hiyo ni kazi ya wakati wote na haina mshahara, na hiyo nayo ni stresi, inarudi kwa ngozi. Mbele ya watu wanaofanya kazi hiyo hiyo unaweza kupumzika saa moja na nusu.

Hii si mambo ya matajiri wa Karen?

Historia inasema kinyume. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kutumia grupu kama tiba ni daktari Joseph Pratt, mji wa Boston, Marekani, 1905, na wagonjwa wake walikuwa maskini wenye kifua kikuu ambao hawangeweza kulipia zile sanatoria, hospitali za mapumziko za kifua kikuu. Aliwaita pamoja awafundishe usafi na kupumzika kwa sababu ni rahisi kufundisha wengi mara moja, halafu akaona wanapata nguvu kwa kuonana tu. Kwa hivyo ilianza kwa kukosa pesa.

Kwetu ni shilingi 500 kwa kikao, ambayo nayo si kidogo, najua. Kama huna ongea na kaunsela pembeni, kuna watu wanalipa 100 na hakuna mwingine anajua ni nani. Hata mimi sijui.

Nitalazimishwa kuongea? Au kuonyesha ngozi?

Hapana kwa yote mawili. Kuna baba mmoja alikaa vikao vitatu bila neno, cha nne akasema "mimi ni kwa magoti" akanyamaza tena. Ilitosha.

Nikilia?

Kuna tishu.

Na wakienda kusema nje? Nairobi ni ndogo.

Ni ndogo kweli, tulishawahi kukutana watu wawili wa ofisi moja kwa mlango. Kila mtu anaweka sahihi kwamba yanayosemwa ndani yanabaki ndani, unatumia jina unalotaka, na grupu ya WhatsApp ni ya kukumbusha saa na mahali tu, picha za ngozi haziwekwi hapo. Ukikutana na mwenzako kwa stegi ya Kencom usimsalimie wa kwanza, mwache achague. Kaunsela anabanwa na sheria ya kazi yake, na usione haya kumuuliza mtu yeyote anayejiita kaunsela akuonyeshe usajili wake, kuna sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014.

Kuna mahali siri inaisha: kama uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, kaunsela atatafuta msaada. Hiyo anasema mwanzoni kabla hujasema lolote.

Wakati mwingine nafikiria kujiua kwa sababu ya hii ngozi. Nikisema hapo nitashikwa?

Hutashikwa kwa kusema. Watu waliogopa miaka mingi kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba. Sema. Na usingoje Jumamosi, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure, au ingia hospitali yoyote sehemu ya dharura na useme hivyo hivyo ulivyoniandikia. Fikra hizi si ajabu kwa watu wa ngozi na hazimaanishi umerukwa na akili. Grupu inaweza kungoja mpaka utulie kidogo, kaunsela atakuona peke yako kwanza.

Mtanifundisha kuwacha kujikuna? Nimeambiwa "wacha kujikuna" tangu darasa la pili.

Hatutakuambia uwache. Wiki ya kwanza tunakuambia uhesabu tu. Hii mbinu ilianza na wanasaikolojia wa Marekani, Azrin na Nunn, 1973, walikuwa wanasaidia watu wenye tabia kama kujing'ata kucha na mishtuko ya misuli, baadaye Waswidi wakaitumia kwa ukurutu. Ulaya watu wanapewa kile kimashine kidogo cha kubonyeza kila ukijikuna. Sisi tunatumia maharagwe. Unajaza mfuko wa kulia, kila mkono ukienda kwa ngozi unahamisha haragwe moja kwa mfuko wa kushoto, jioni unahesabu.

Jumatano yangu ya kwanza nilihamisha 143. Ningekuapia ni kama 20. Na ukihesabu unaanza kuona mambo, mimi nilikuwa najikuna nikingoja simu ipokelewe, nikiwa kwa choo, na nikisikia ufunguo wa bosi, mwasho haukuwepo hata, mkono ulikuwa unaenda tu wenyewe.

Wiki ya pili ndio unapewa kitu cha kufanya badala yake: mkono ukianza safari, kunja ngumi zote mbili kwa sekunde 30 hivi, halafu kama bado inawasha bonyeza pale na ukucha bila kukwaruza, ama finya polepole. Inaonekana ujinga. Kwa matatu ya Rongai ukiwa umebanwa katikati ngumi zimekunjwa watu wanafikiri unataka kupigana. Lakini inafanya kazi kwa sababu tabia haifutiki, inabadilishwa na nyingine. Sambamba na hiyo unapaka mafuta yako na dawa yako kama kawaida, la sivyo unapigana na ngozi iliyokauka na utashindwa.

Kucha ziwe fupi. Ile ya kulala na soksi mikononi wengine inawasaidia, mimi nazitoa nikiwa usingizini.

Niwache dawa nikianza grupu?

Usiwache. Na kama umekuwa ukitumia steroidi muda mrefu usikate ghafla, ongea na dakta akupunguzie polepole.

Hapa nina malalamiko yangu. Mjini kuna mahali nitaacha bila jina nilinunua kikopo cha krimu ya kuchanganya, hakina lebo, shilingi 300, muuzaji akaniambia "hii ni ya nguvu, hata usoni paka". Wiki mbili ngozi kama ya mtoto. Mwezi wa nne wa kupaka nikaona michirizi ya zambarau ndani ya mapaja na ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na nilipoiwacha mabaka yalirudi na ndugu zao. Michirizi hiyo haijatoka na dakta ameniambia nisingoje itoke. Klobetasoli na betametazoni, hizo steroidi zenyewe, ni dawa nzuri zikipimwa na mtu anayejua, kiasi gani, mahali gani, siku ngapi. Kikopo bila lebo usipake hata kwa kisigino.

Kwa hivyo grupu itaponya ngozi yangu?

Haitaponya, na mtu akikuahidi hivyo toka. Kinachoweza kutokea ni kujikuna kidogo, kulala zaidi, kufuata dawa vizuri, na hizo kwa pamoja zinasaidia ngozi. Kuna utafiti wa 1998 wa Jon Kabat-Zinn na wenzake, wagonjwa 37 wa soriasisi waliokuwa wanatibiwa na mwanga, nusu waliwekewa kaseti ya kutuliza akili wakiwa ndani ya kile kibanda cha mwanga, nusu hawakuwekewa, na waliosikiza ngozi ilisafika haraka zaidi. Angalia vizuri, wote walipata mwanga. Kaseti haikuchukua nafasi ya tiba, ilipanda nayo. Na watu 37 ni kidogo, ni daladala moja na nusu wangesema majirani wa Tanzania.

Sisi tunapima na fomu ya maswali 10 iliyotengenezwa Cardiff 1994, inaitwa DLQI, inauliza wiki iliyopita ngozi ilikusumbua vipi kwa mavazi, kazi, mapenzi, michezo. Alama ni 0 mpaka 30, na kutoka 11 kwenda juu ngozi inakutesa sana. Mimi nilianza na 22. Nilipomaliza wiki 10 nilikuwa na 9, na mabaka kwa viwiko yalikuwa pale pale. Unielewe hapo, viwiko vilikuwa vile vile.

Mama anasema nimerogwa, mchungaji anasema nifunge. Mtanicheka?

Hakuna mtu atacheka, nusu yetu tumepitia huko. Omba, funga, lakini hata ukifunga, unywe dawa na upake mafuta. Kama mama anataka kuja akae kikao kimoja, kuna siku ya familia wiki ya sita, amekaribishwa. Kuna mama alikuja na chupa ya maji ya maombi akaondoka nayo bado imejaa, lakini aliondoka akiwa ameshika mkono wa binti yake, mkono wenyewe wenye mbalanga, na binti alisema hajamshika hapo tangu fomu wani.

Wanaume wanakuja?

Wachache, na wengi wanaandika kuuliza "kwa niaba ya rafiki". Mwambie rafiki aje.

Naweza kufanya kwa Zoom?

Kuna grupu ya mtandaoni Jumanne jioni, ni ya watu walio mbali au waliovimba vibaya hiyo wiki. Ukweli wangu ni kwamba si sawa na kukaa pamoja, watu wanazima kamera na kujificha ndiyo ile ile kazi tumetoka kuongelea, na bando inaisha katikati ya mtu kulia. Lakini ni bora kuliko kukaa peke yako.

Ni lini nisije kwa grupu niende hospitali?

Midomo au ulimi ukivimba au pumzi ikikatika pamoja na upele, hiyo ni dharura, sasa hivi. Ngozi ikiwa nyekundu au imewaka karibu mwili mzima na unatetemeka baridi, pia. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri, angalia joto, uvimbe na kubanduka. Ukurutu ukianza kutoa usaha au ganda la rangi ya asali, au ukipata vidonda vidogo vingi vinavyouma na homa, usingoje.

Siku ya kwanza nibebe nini?

Majina ya dawa unazotumia, hata zile unaona haya kuzitaja, piga picha kikopo. Chupa ya maji. Maharagwe tunayo, usilete, mtu alileta yaliyochemshwa.

Fika dakika kumi mapema, ngazi ni nyingi, ghorofa ya tatu. Vaa rangi yoyote. Viti sasa ni vyeupe, tuliomba wabadilishe.